Fundi Punguza na mlango wa sentimita sitini na nane

Saa mbili kasoro robo asubuhi, kibanda ndiyo kwanza kimefunguliwa, na tayari kuna kijana amesimama katikati ya vitambaa akiwa ndani ya suruali ya mtu mwingine. Kiunoni ameikusanya kwa ngumi. Chini imemmeza viatu.

"Umeinunua au umeirithi?" fundi anamuuliza, pini tatu zikiwa mdomoni.

"Nimeinunua, mama. Rangi ndiyo iliyoniponza."

"Rangi huponza wengi. Simama wima, na acha kuvuta tumbo. Tumbo lenyewe huna."

Anauvua utepe wa kupimia unaoning'inia shingoni, anauzungusha kiunoni mwa kijana, anaubana kwa kidole gumba. Haubani mwanzo wake. Anabana penye alama ya kumi, halafu anasoma: "Themanini na moja."

Kijana anageuka kumtazama. Alikuwa akijijua ni mwembamba.

"Usihofu, toa kumi," fundi anamtuliza huku akiandika sabini na moja kwenye daftari. "Siku hizi tunatoa."

Hiyo "siku hizi" ina miezi mitatu tu. Kabla ya hapo, kwa miaka kumi na mmoja, hakuna aliyekuwa akitoa chochote, na kidogo tu mambo hayo yampeleke kuweka nyumba yake rehani ili abomoe ukuta usio na kosa.

Mtaa mzima unamwita Fundi Punguza. Ana miaka hamsini na mitatu, na ishirini na miwili kati ya hiyo ameimaliza kwenye kibanda hiki chenye upana wa cherehani moja na viti viwili, kimoja kikiwa cha mteja na kingine cha nguo za mteja. Hashoni nguo mpya. Kazi yake ni mitumba: kupunguza kiuno, kuachia mabega, kukunja pindo, kubadili zipu iliyogoma.

"Nguo mpya zina mafundi wake," anasema. "Mimi ni wa zile ambazo mwenyewe amesimama mbele ya kioo akajuta."

Siku nzuri humpa elfu kumi na tano. Siku mbaya anarudi nyumbani na uzi wake. Mwezi ukiisha, pango la kibanda likishalipwa, hubaki na laki tatu hivi, na laki tatu hizo ndizo zinazolisha nyumba yenye watu wawili, yeye na mumewe.

Mume naye hana jina mtaani. Anaitwa Karani. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa karani wa mizani kwenye ghala la nafaka, mtu wa kusimama mbele ya mizani na kalamu sikioni, gunia likipanda anasema uzito wake kabla mshale haujatulia. Hakuwahi kukosea. Ndiyo maana asubuhi moja, miaka miwili iliyopita, alipoandika kilo sabini kwa gunia la kilo tisini, wapagazi walianza kucheka wakidhani anatania. Walinyamaza kalamu ilipomdondoka mkononi.

Kiharusi kiliuchukua upande wake wa kulia, mkono na mguu. Akili kiliiacha kama ilivyokuwa, na ulimi pia, ingawa maneno sasa yanatoka polepole, moja moja, kama mtu anayehesabu noti mpya.

"Maisha yangu yote nimepima magunia," Karani husema, akiwa ameegemea mto wake kwenye kiti cha sebuleni. "Sasa nimekuwa gunia. Tena hawanipimi, wananibeba tu."

Anayembeba ni mkewe, akisaidiana na jirani. Nyumba yao ina vyumba viwili, sebule, na stoo ndogo iliyopakana na chumba cha kulala. Choo kiko nyuma ya ua. Kukifika ni kushuka ngazi tatu, kuvuka kamba za nguo, na kupinda kona kwenye tangi la maji. Fundi hushika kwapani, jirani hushika miguu, na Karani hufumba macho mpaka wafike.

Kwa muda mrefu fundi alidhani tatizo ni mgongo wake yeye. Alikuja kujua tatizo lenyewe siku ua la dirishani, kando ya kiti cha Karani, lilipokufa.

Lilikuwa ua la kopo, halitaki matunzo, limeishi bila shida miaka mingi. Ghafla likanyauka. Alipochokoa udongo kwa kidole akakuta majani ya chai, mengi, yamelala tabaka juu ya tabaka. Kila asubuhi kabla ya kwenda kibandani alikuwa akimwachia mumewe kikombe mezani, na kila jioni alikikuta kitupu, akafurahi.

"Mzee," alimuuliza, "chai yangu mbaya?"

Karani alitazama lile ua kwanza. "Chai nzuri," akajibu. "Njia ndiyo ndefu."

Hakuwa akinywa chai, wala maji. Alikuwa akijikausha mchana kutwa ili asihitaji kubebwa. Muuguzi wa kliniki alikuwa ameshamkemea mara mbili kuhusu figo, na Karani alikuwa akiitikia vizuri sana, kama watu wote wasiokusudia kutii.

"Siku hiyo sikupika," fundi anakumbuka. "Nilikaa pale karibu na kopo. Nikasema, huyu mtu anakufa kiu ndani ya nyumba yangu kwa sababu ya kunionea haya mimi. Mimi niliyemfulia soksi miaka ishirini na tisa."

Hapo ndipo alipoamua kwamba choo kitaingia ndani. Stoo itakuwa choo na bafu, kliniki itatoa kiti cha magurudumu, na Karani ataenda mwenyewe kwa mkono na mguu vilivyobaki. Kiti kilikuwepo, cha msaada, kimewekwa kando kwa jina lake. Sharti lilikuwa moja: wahakikishe kwanza kinapita milangoni.

Fundi alienda kliniki na utepe wake shingoni, akapima kiti, akaandika: sabini na tatu. Mwashi naye, mtu wa mtaani aliyejenga nusu ya nyumba za pale, akapima uwazi wa mlango wa stoo, mwembamba kuliko yote ya nyumba, akaandika: sitini na nane.

"Hakipiti, dada," mwashi alisema. "Hapa tutabomoa."

Na kubomoa kwenyewe si kugonga nyundo mbili ukaenda nyumbani. Juu ya mlango ule inapita linta, ule mkanda wa zege unaobeba paa. Kupanua mlango ni kukata linta, na kukata linta ni kuegesha paa kwa nguzo, kusuka nondo na kumwaga zege upya. Mwashi aliandika kwa kalamu ya seremala kwenye kipande cha mfuko wa saruji. Jumla ilikuwa milioni tatu na laki nane.

Fundi aliitazama ile karatasi kama anavyotazama gauni lililokuja na mwenyewe ambaye hataingia humo hata kwa dua.

Milango ya kukopa ilikuwa mitatu.

Wa kwanza ulikuwa duka la vifaa vya ujenzi lililo mwisho wa barabara. Mwenye duka alikuwa tayari kutoa saruji, mabomba na choo chenyewe kwa mkopo, lakini kila mfuko ulipanda bei kidogo kwa kuwa umekopwa, na mwashi hali saruji. Ujira wake ungetoka wapi? Huo aliufunga siku hiyohiyo.

Wa pili ulikuwa chama chao cha akiba na mikopo, cha mafundi na wafanyabiashara wa sokoni, kinachokutana kila Alhamisi. Hapo mwanachama hukopa mara tatu ya akiba yake, kwa riba ya asilimia moja kwa mwezi kwenye salio linalopungua, akiwa na wadhamini wawili. Fundi alikuwa na akiba ya laki nne na elfu themanini. Mara tatu yake ni milioni moja, laki nne na elfu arobaini. Haikufika hata nusu ya njia.

Wa tatu ulikuwa benki.

Afisa mikopo alikuwa kijana mpole mwenye tai iliyoishia juu ya tumbo. Fundi aliiona tai kabla hajaona sura. Alimweleza vizuri, bila haraka. Milioni nne, miezi thelathini na sita, marejesho ya laki moja na elfu arobaini na tano kila mwezi. Dhamana, hati ya nyumba.

Fundi alizidisha nyuma ya risiti ya uzi. Milioni tano, laki mbili na elfu ishirini.

"Hii milioni moja ya juu na nyongeza yake ni ya nani?" aliuliza.

"Ni ya benki, mama. Riba."

"Kwani benki nayo ina mgonjwa?"

Kijana alicheka, akamwagizia maji. Lakini tarakimu hazikucheka. Karibu nusu ya kipato chake cha mwezi ingekuwa inaenda benki kwa miaka mitatu, na miezi mitatu mibaya ikifuatana, nyumba ingekuwa na mwenyewe mwingine.

Karani alikataa katakata. "Nyumba nzima iwekwe rehani kwa ajili ya kibofu changu?"

"Kibofu chako kinaishi kwenye nyumba hiyohiyo," mkewe alimjibu.

Walibishana wiki mbili, kwa sauti za chini, kama watu wanaogombea kulipa nauli. Mwishoni Karani alishindwa. Aliposhindwa alisema tu, "Nitatia sahihi kwa mkono wa kushoto. Labda wataikataa."

Benki ilipitisha mkopo. Waliitwa Jumatatu, saa nne, wote wawili, na hati.

Sasa, hati ya nyumba ile haikai kabatini. Siku walipoipata, miaka kumi na tisa iliyopita, fundi aliifunga kwenye nailoni, akaishona ndani ya mto wa kuegemea, katikati ya sufi. Wezi hubeba redio, alisema, hawabebi mito. Tangu hapo mto umebadilishwa foronya mara nyingi lakini tumbo lake halijafunguliwa. Karani ndiye anayeuegemea kila siku.

Jumapili alasiri, fundi akauchukua mto, akauweka mapajani, akaanza kuufumua kwa wembe. Alikuwa amefika nusu ya mshono alipokumbuka jambo jingine. Suruali ya Karani ya kwendea benki ilikuwa kubwa, mtu amepungua.

"Njoo nikupime," alimwambia. "Siwezi kukupeleka mbele ya watu wa tai ukiwa umefungwa kamba kama mzigo wa kuni."

"Nije wapi? Wewe ndiye wa kuja."

Akamfuata na utepe, akauzungusha, akasoma. "Themanini na sita."

Karani akaitazama redio. "Sema tena."

"Themanini na sita. Kwani vipi?"

"Kliniki, Alhamisi, wameandika sabini na sita. Kadi hiyo hapo chini ya redio."

"Labda wamepima vibaya."

"Labda. Hizo kumi za kwako umezipata wapi?"

"Sijazipata popote. Mimi huanzia kumi. Si unajua mwanzo wa utepe ulishaliwa?"

Alijua. Bati la mwanzoni lilidondoka miaka kumi na mmoja iliyopita, na kile kipande cha mbele kikachakaa kwa chaki na pini mpaka namba zikafutika. Tangu hapo fundi huanzia kumi.

"Ukianzia kumi," Karani alisema polepole, "ukimaliza unatoa kumi."

"Nitoe ya nini? Mwili naupima kuanzia kumi, kitambaa nakipima kuanzia kumi. Zinakutana. Nguo haijui kuhesabu, mzee. Ikikaa, imekaa."

Na kweli zilikaa. Hilo ndilo lililomponza. Mwanzoni alikuwa akitoa, halafu akaona anatoa huku na huku kwa kazi bure, akaacha. Dunia ya kibandani ilikuwa imenenepa kwa sentimita kumi, yote kwa pamoja, na hakuna shati lililolalamika.

Karani alikuwa na sheria moja tu maishani, aliyowafundisha makarani wote waliomfuata: gunia likipanda mizanini na toroli, toa toroli. Alimtazama mkewe, kisha akautazama mto uliofumuliwa nusu.

"Fundi," alisema. "Kile kiti ulikipima na utepe upi?"

Fundi aliketi kwenye kiti cha pembeni, utepe ungali mkononi.

Mwashi, alipopigiwa simu, aliona haya kuliko wote. Angeweza kwenda kukipima kile kiti mwenyewe. "Lakini dada ni fundi," anajitetea mpaka leo. "Mimi na yeye mkate wetu ni mmoja, kipimo. Fundi akikuambia sabini na tatu, ukienda kupima tena nyuma yake, umemtukana."

Jumatatu saa mbili fundi alikuwa kliniki, na safari hii alibeba futi ya chuma ya mwashi. Alipima kiti mbele, nyuma, na penye magurudumu. Mara tatu zote kilisema jambo moja. Akampigia mumewe.

"Sitini na tatu."

"Soma polepole."

"Sita, tatu. Na hii ni ya chuma, imeanzia mwanzo kabisa. Hakuna toroli hapa."

Upande wa pili Karani akasema, "Kinapita. Na tano zinabaki."

Jirani aliyekuwa naye anasimulia kwamba simu ilipokatika, Karani aliomba glasi ya maji, akainywa yote bila kupumzika, kisha akaomba nyingine.

Mtu angedhani hapo ndipo hadithi inapoisha. Lakini saa nne ilikuwa bado, na benki ilikuwa ikimngoja.

Fundi alikwenda peke yake, bila hati, kwa adabu tu, kueleza kwamba linta haitakatwa na kazi sasa ni milioni moja na laki nne. Afisa mikopo alimsikiliza, akasogeza fomu karibu yake.

"Mama, mkopo umeshapita. Chukua milioni nne zote. Choo utajenga, na zitakazobaki utanunua cherehani ya pili, utaweka vigae, utakuza biashara. Nafasi hii haiji kila siku."

Hakuwa akimdanganya, na fundi anakiri kwamba aliyumba. Cherehani ya pili alikuwa akiiota tangu ile ya kwanza ikiwa mpya. Vigae vya bluu alishavichagua kwa macho dukani, akavipa hata kona zake. Aliuliza kama benki inaweza kumpa milioni moja na laki nne tu. Inaweza, akaambiwa, ila hati itahitajika vilevile.

"Nikajiuliza," anasema, "mteja akija na suruali ya kiuno kikubwa kwa sababu tu ameikuta bei rahisi, mimi humwambiaje? Humwambia, baba, hii utaivaa lakini utaishika kwa mkono siku zote. Sasa mimi mkono wa kushikia sina. Mmoja uko kwenye cherehani, mwingine uko kwa Karani."

Alishukuru, akaaga. Mlangoni alirudi hatua mbili, akamwambia yule kijana amletee tai yake aiachie pindo, bila malipo.

Uamuzi ukawa chama, ile milioni moja, laki nne na elfu arobaini yote. Na hapo ndipo kazi ngumu ilipoanza, maana benki ilitaka karatasi moja, lakini chama kilitaka watu wawili. Watu wenyewe walikuwa wateja wake, na wateja wake wote alikuwa amewanenepesha kwenye daftari kwa miaka kumi na mmoja.

Kuna mmoja hasa aliyemnyima raha. Anauza ndoo na mabeseni sokoni, wanamwita Mama Ndoo, mwanamke mwenye akiba kubwa na mdomo mkubwa zaidi. Miezi minane kabla, Fundi Punguza alimpima kiuno akamtajia mia moja na nne. Mama Ndoo alirudi dukani kwake bila kuaga. Tangu siku hiyo alikuwa hanywi chai yenye sukari.

Fundi angeweza kuomba udhamini akanyamaza. Wengi wangenyamaza. Alimkuta amekaa kwenye beseni lililopinduliwa, anapiga funda za chai chungu na kukunja uso.

"Dada, nina maneno mawili," alianza. "Moja la kukuomba, jingine la kuungama. Unataka lipi kwanza?"

"La kuungama. La kuomba nalijua, ni pesa."

Fundi akamweleza utepe, na kumi, na miaka kumi na mmoja. Mama Ndoo alisikiliza mpaka mwisho. Akakitazama kikombe chake.

"Kwa hiyo mimi ni tisini na nne."

"Tisini na nne."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ileile."

"Miezi minane," Mama Ndoo alisema taratibu, "nimekunywa dawa ya mchwa nikiita chai. Wageni wangu wamekunywa. Mume wangu amekunywa, maskini, na yeye hana kosa wala kiuno." Akamwita muuza chai, akadai sukari, akatia vijiko vinne huku akimkazia macho fundi kwa kila kijiko. Kisha akanyoosha mkono. "Lete fomu."

"Hujauliza ni ya nini."

"Ni ya choo cha Karani, sokoni hapa nani hajui? Wewe umekuja kunitajia kosa ambalo nisingelijua hadi kufa. Mtu wa hivyo akishindwa kulipa atakuja kuniambia mwenyewe, mapema. Sijui kama benki wana wateja wa namna hiyo."

Mdhamini wa pili, muuza vitunguu wa meza ya jirani, alitia sahihi akiwa bado anacheka.

Fundi hasahau maana ya sahihi zile. Akishindwa kulipa, fedha zitakatwa kwenye akiba za wale wawili. "Benki ningeshindwa, ningekosa nyumba," anasema. "Hapa nikishindwa, nitakosa uso. Nyumba unaweza kupanga. Uso nitapanga kwa nani?"

Kwa hiyo anafungua kibanda saa moja na nusu badala ya saa tatu, na ameanza kupokea masweta ya shule, kazi aliyokuwa akiikwepa kwa sababu ya nyuzi zake. Marejesho ya mwezi wa kwanza yalikuwa elfu tisini na nne na mia nne, na kila mwezi yatapungua kidogo hadi mwezi wa kumi na nane. Ameshalipa mara moja. Risiti ameibandika ukutani juu ya cherehani, mahali ambapo mafundi wengine hubandika picha za mitindo.

Ule mto ameushona tena, kwa mshono wa mara mbili. Karani alilalamika kwamba siku hati ilipokuwa nje nusu, mgongo ulimuuma.

Nyumbani kazi imefika wiki ya pili. Stoo imeshapigwa lipu, bomba limetoka hadi shimo la nyuma, na choo chenyewe kipya kimekaa chumbani ndani ya nailoni yake kama mgeni aliyewahi sherehe. Vigae vya bluu havimo. Sakafu itakuwa ya saruji, yenye mkwaruzo kidogo gurudumu lisiteleze.

Msimamizi ni Karani. Kiti chake kimesogezwa hadi mlango wa chumba, anahesabu mifuko ya saruji inayoingia na inayotoka, na mwashi akisema mchanga ndoo kumi, yeye huuliza ndoo zenyewe zilijaa au zilifika shingoni.

"Shemeji," mwashi humtania, "mkeo amenipunguzia kazi ya milioni mbili na zaidi, na wewe unanipunguzia ndoo. Nyumba hii mimi nitatoka humu nikiwa hewa."

"Ukitoka," Karani humjibu, "pita mizanini."

Mabishano yaliyobaki ni ya mlango. Sentimita tano za ziada ni chache. Mlango wa bawaba ungezila zote. Mwashi ameamua kuweka mlango wa kusukuma pembeni unaoning'inia kwenye reli, na vyuma vya kushikia ukutani upande wa kushoto, upande wa mkono mzima. Hilo hakuna aliyelipinga. Kilichopingwa ni komeo.

Karani analitaka, tena kwa ndani. Mkewe hakulitaka hata kulisikia. "Ukianguka humo?" alimuuliza. "Niingilie wapi, dirishani?"

"Nikianguka nitakuita."

"Na usipoweza kuita?"

Karani alifikiri. Alikuwa na jibu lakini lilichukua muda kutoka, na siku hiyo mkewe hakumsaidia kulimalizia. "Miaka miwili," alisema, "sijafunga mlango wowote."

Fundi aliondoka akaenda uani, akaanua nguo ambazo zilikuwa bado mbichi. Aliporudi alimwambia mwashi atafute komeo la aina ile inayofungwa kwa ndani lakini kwa nje linafunguka kwa sarafu, ya dharura. Mwashi amelipata. Kiti cha magurudumu kitaletwa mwisho wa mwezi.

Sasa hivi, kibandani, suruali ya yule kijana imeshapita chini ya sindano. Anaivaa, anajigeuza, anaachia ngumi yake ya kiunoni kwa mara ya kwanza tangu aingie, na suruali inabaki palepale. Analipa elfu mbili, anaondoka akitembea kama mtu mwingine. Fundi anafagia nyuzi kwa mguu. Akiulizwa anatamani nini baada ya haya yote, cherehani ya pili au vigae, anacheka.

"Vigae vitangoja, vimezoea. Mimi nataka jambo dogo tu," anasema, na kuuvuta utepe shingoni ukae sawa. "Nataka siku moja nirudi kutoka hapa nimebanwa, sijiwezi. Nikimbilie choo changu mwenyewe, nisukume mlango, nikute umefungwa. Nigonge. Na yeye aniambie kutoka ndani, polepole hivyohivyo anavyosema, 'Kuna mtu.'"